Nimemwachia Mungu



Wiki iliyopita, baada ya Misa ya kigangoni, bibi mmoja alinishika mkono akaniomba nifike shambani kwake kabla sijarudi parokiani. Alitaka ninyunyize maji ya baraka katika migomba yake. Nikamfuata. Mtu yeyote wa Ngara au Biharamulo angeutambua ugonjwa ule kwa kuutazama mara moja: majani yamegeuka rangi ya njano na kulegea, mikungu imeiva kabla ya kukomaa, na ndizi ukiimenya unakuta ndani imekuwa ya kahawia. Ni unyanjano. Nilimwuliza amefanya nini tangu alipouona. Alinijibu kwa utulivu mkubwa: "Baba Paroko, nimemwachia Mungu."

Nilinyunyiza maji, nikasali pamoja naye, nikaondoka. Lakini neno lile liliondoka nami, na wiki nzima halikuniacha.

Ni neno tunalolisema sana. Mtoto ana homa siku ya tatu, tumemwachia Mungu. Shamba la mjane limemegwa na shemeji yake, mjane amemwachia Mungu. Kijana amemaliza shule, hana kazi wala jembe, naye amemwachia Mungu. Kwa muda mrefu nimelisikia neno hili nikaliita imani, na pengine mara nyingine ni imani kweli, tena imani kubwa kuliko yangu. Lakini baada ya miaka ya kulisikia kitandani pa wagonjwa na katika mabaraza ya usuluhishi, nina shaka kwamba mara nyingi maana yake ni nyingine: nimechoka, na sioni mtu wa kunisaidia. Ikiwa ndivyo, basi neno hilo linatushtaki sisi tulio jirani na huyo anayelisema.

Tunapenda kujitetea kwa Injili ya Mathayo, sura ya sita, pale Bwana anapotuonyesha ndege wa angani na maua ya kondeni na kutukataza kuisumbukia kesho. Wapo wanaoisoma kama ruhusa ya kukaa kitako. Mimi nasema mtu wa namna hiyo hajawahi kuamia ndege. Yeyote aliyewahi kutumwa utotoni kulinda mtama anajua kwamba ndege huamka kabla ya mwenye shamba, hufanya kazi mpaka jua linapozama, na hachoki hata ukimrushia mawe. Baba wa mbinguni anamlisha, ndiyo, lakini hamletei chakula kiotani. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mana jangwani. Waisraeli hawakuilima wala hawakuipanda, lakini kila asubuhi iliwapasa kutoka hemani, kuinama na kuokota, na aliyejiwekea akiba kwa uroho alikuta imeoza na kutoa mabuu.

Kuna jambo jingine katika Injili hiyo, na hapa lugha yetu ya Kiswahili inatusaidia kuliko baadhi ya lugha za Ulaya. Katika Kiingereza cha leo huwezi kujua kama Yesu anasema na mtu mmoja au na wengi. Katika Kiswahili huwezi kukosea. Bwana hasemi "usisumbuke" bali "msisumbuke". Hasemi "Baba yako" bali "Baba yenu". Na alipotufundisha kusali hakutufundisha kuomba mkate wangu. Ahadi ya kutopungukiwa ilitolewa kwa watu waliokaa pamoja, na sura ya nne ya Matendo ya Mitume inatuonyesha ilivyotimizwa: hapakuwa na mhitaji kati yao kwa sababu waliokuwa na mali walizileta, zikagawanywa. Bibi yangu alisema "nimemwachia", katika nafsi ya kwanza umoja. Sidhani kwamba kosa la sarufi hiyo ni lake.

Jimbo letu lilikuwa na mwalimu wa jambo hili. Askofu Christopher Mwoleka aliliongoza jimbo la Rulenge tangu mwaka 1969 hadi 1996, akafariki mwaka 2002. Wazee wanamkumbuka vizuri. Vijana wengi, nasikitika kusema, wanalijua jina lake tu. Katika miaka ya 1970 alikwenda kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akashiriki kazi na maisha yao. Alifundisha kwamba Mungu hakutufunulia fumbo la Utatu Mtakatifu ili tulitegue kama kitendawili, bali ili tuliige: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu wanashirikiana kila kitu, nasi tumealikwa kuishi hivyo hivyo. Katika miaka hiyo hiyo maaskofu wa AMECEA, katika mikutano ya 1973 na 1976, walikubaliana kwamba maisha ya Kanisa katika Afrika Mashariki yajengwe juu ya jumuiya ndogondogo za Kikristo, na Rulenge ilikuwa miongoni mwa mahali palipolichukua jambo hilo kwa uzito.

Najua mtaniambia kwamba ujamaa ulikuwa na machungu yake. Ni kweli. Operesheni za kuhamia vijijini za miaka ya 1973 hadi 1976 zilifanyika mahali pengi kwa nguvu, na wapo walioacha nyumba nzuri na migomba inayozaa. Lakini kumlazimisha mwenzako ahame ni jambo moja, na askofu kuhama mwenyewe kwa hiari ni jambo jingine kabisa. Yule wa pili hakuwaachia watu Mungu. Aliwaendea.

Kisha ukaja mwaka 1994. Tayari mwezi Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, ndugu zetu wa Burundi walikuwa wamevuka mpaka kwa wingi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa ishirini na nne, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo. Benaco, mahali palipokuwa kituo cha kampuni ya ujenzi wa barabara, pakageuka kuwa mojawapo ya kambi kubwa kuliko zote duniani. Hapakuwa na muda wa kufanya semina juu ya ukarimu. Wenyeji wa Ngara waliwapa maji, ndizi, na mahali pa kulaza watoto.

Sitaki kuipamba habari hiyo. Baadaye misitu ilikatwa, mazao yaliibwa, ujambazi uliingia, na miongoni mwa waliopokelewa walikuwamo watu wenye damu mikononi. Mwezi Desemba 1996, Wanyarwanda waliporudishwa kwao, wengi wetu tulipumua. Hata hivyo, mtu akiniuliza ni lini watu wetu walimtegemea Mungu kweli kweli, sitamtajia hija wala jubilei. Nitamtajia siku zile za kwanza, ambapo mtu mwenye debe moja la maharage aligawa nusu bila kujua kesho yake atakula nini.

Na ni lini tulishindwa? Nitasema, ingawa baadhi yenu hamtapendezwa. Mwaka 2013, ilipoendeshwa Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, waliondoka pia watu waliokuwa wameishi nasi kwa miongo mingi, waliooa kwetu na kuolewa kwetu, waliobatizwa na kuzika wazazi wao hapa. Familia ziligawanyika. Serikali ina haki ya kulinda mipaka yake na kupambana na majambazi, wala silaumu hilo. Sote tunakumbuka miaka ambayo magari hayakuthubutu kupita mapori ya Biharamulo bila kusindikizwa na askari. Ninachouliza ni kuhusu jumuiya zetu. Jirani aliyekuwa akishika rozari pamoja nasi kila wiki hakuonekana, nasi tukasema tumwachie Mungu. Wengine walisema hivyo huku wakivuna kahawa yake. Kama ipo kahawa ya namna hiyo katika shamba lako, ndugu yangu, mlango wa kitubio uko wazi, lakini uje na mpango wa kurudisha.

Mimi pia nina hatia. Miaka kadhaa iliyopita nilimzika mama kijana aliyefariki katika uzazi. Nyumbani kwake hapakuwa na nauli, na usiku ule hakuna aliyegongewa mlango. Kaburini nilisema kwamba hayo ndiyo mapenzi ya Mungu. Mume wake aliniangalia bila kusema neno. Mpaka leo nikikutana naye njiani hunisalimu kwa heshima, "Tumsifu Yesu Kristu, Padre," nami huitikia "Milele, amina," lakini sina hakika kwamba nina uso wa kumtazama. Mapenzi ya Mungu yalikuwa kwamba mtu mwenye pikipiki aamshwe. Nilimsingizia Mungu uzembe wetu, tena nikiwa nimevaa stola.

Turudi kwa bibi na migomba yake, maana unyanjano wenyewe una somo ambalo sikulitafuta. Ugonjwa huu huletwa na bakteria. Nyuki na wadudu wengine huubeba kutoka ua dume la mgomba mmoja hadi mwingine. Panga huubeba kutoka shamba hadi shamba, hasa panga la mnunuzi wa ndizi za pombe anayezunguka kijiji kizima. Machipukizi ya kupanda huubeba kutoka kijiji hadi kijiji. Hakuna dawa ya kuutibu mgomba ulioambukizwa. Wataalamu wa kilimo wanatufundisha kuondoa ua dume mapema kwa mti wenye panda, bila kulikata kwa chuma. Kupitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Na kuukata chini ule ulioambukizwa. Lakini bibi hata akifanya hayo yote, ikiwa jirani yake hafanyi, nyuki watavuka mpaka bila kuuliza. Na bibi huyu ana miaka zaidi ya sabini. Ua dume liko juu kuliko mkono wake unavyofika. Tangu mvua za mwaka jana watoto wake wako mjini. Jumuiya yake ina familia kumi na nne. Nilihesabu: nyumba nne kati ya hizo zinaonekana kutoka mlangoni kwake.

Nimezungumza na mwenyekiti wa jumuiya hiyo na katekista. Jumamosi hii hatutakuwa na mkutano wa kawaida wa sala nyumbani. Tutakutana shambani kwa bibi saa moja asubuhi, na tukimaliza kwake tutaendelea katika mashamba yanayopakana naye, ya Wakatoliki na ya wasio Wakatoliki, kwa kuwa nyuki hawachagui dhehebu. Kila mtu aje na mti mrefu wenye panda. Mapanga yasizidi matatu, na jiko la mkaa liwepo la kuyapitishia motoni. Akina mama wamekubali kupika uji. Maji ya baraka nitakuja nayo mimi.