Tusibane matumizi kwenye breki

Katika miji yetu ya mpakani, toka Makamba hadi Muyinga, gari la juu limekuwa alama ya familia iliyoanza kusimama. Utaona RAV4 ya miaka ya 1990, Escudo au Prado iliyotumika Japani, ikateremshwa bandari ya Dar es Salaam, ikamaliza miaka kadhaa Tanzania, na hatimaye ikaja kulelewa kwetu Burundi. Siyalaumu magari hayo. Barabara zetu za udongo zinayahitaji, na familia ya watu saba haienei kwenye gari dogo. Ninachokilaumu ni tabia moja iliyozoeleka: mtu yuko radhi kununua redio mpya na rimu za kung'aa, lakini fundi akimwambia abadilishe breki, hujibu, "Bado inashika."

Ndugu msomaji, "bado inashika" si kipimo. Breki iliyochakaa hushika vizuri tu pale sokoni, ambako gari linakwenda mwendo wa kutembea kwa miguu. Mtihani wake uko mlimani.

Wengi wetu tuliorudi tulizoea magari katika nchi tambarare. Mimi nilisoma Mishamo, na huko dereva angeweza kwenda mwendo mrefu bila kukutana na mteremko wa kutisha. Hapa kwetu ni milima mitupu. Anayetoka Kobero na mzigo kupitia Muyinga, Ngozi na Kayanza hufika Bugarama, mahali palipo juu ya mita 2,000, kisha huteremka hadi Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika. Ni tofauti ya zaidi ya mita 1,300 katika safari isiyofika hata saa mbili.

Kwa kuwa ninafundisha fizikia, naomba nivumiliwe kwa hesabu moja. Gari lenye uzito wa tani 2 pamoja na abiria na mizigo, likishuka mita 1,300, lazima liachie nishati ya takriban megajuli 25. Joto la kiasi hicho linatosha kuchemsha karibu madumu manne ya maji ya lita 20. Likipatikana, ni lazima liende mahali. Dereva akiwa kwenye gia ya chini, sehemu kubwa hubebwa na injini, na nyingine huchukuliwa na upepo na matairi. Dereva akiwa kwenye gia huru, mzigo uliokuwa ukibebwa na injini unaangukia vipande vinane vya pedi na viatu vya breki, ambavyo kila kimoja hakizidi sana kiganja cha mkono.

Hapa ndipo ilipo hatari yetu kubwa ya miaka hii. Uhaba wa mafuta ya gari, ambao mwaka 2024 ulitupanga foleni za siku nzima na zaidi, umewafundisha madereva wengi kupiga frii kila wanapoona mteremko. Wengine huzima injini kabisa. Wanasema wanaokoa mafuta. La hasha! Injini ikizimwa, bosta inayousaidia mguu kukanyaga breki hubaki na nguvu ya kukanyaga mara mbili au tatu tu. Baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani nao unakuwa mzito. Mbele yako kuna kona, na kwenye kona kuna vijana wa baiskeli wanaoteremsha ndizi. Nusu lita uliyookoa itamfaa nani?

Tena tusisahau mizigo. Mifuko 6 ya saruji ni kilo 300. Ongeza watu watano, na magari mengi madogo ya juu yamekwisha kupita uwezo waliokusudia waliyoyatengeneza. Gari halitalalamika likipanda. Litalalamika likishuka.

Sasa tuje kwenye matengenezo yenyewe, maana kulaumu bila kuelekeza ni kazi bure. La kwanza ni pedi, ambazo mafundi wa Bujumbura huziita plaketi. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi. Zikifika 3, zibadilishwe, na zibadilishwe pande zote mbili za ekseli kwa pamoja. Mwambie fundi avue gurudumu na akuonyeshe pedi ya nje na ya ndani, kwa sababu mara nyingi ya ndani huisha mapema, na mwenye gari anayechungulia kwa nje hudanganyika. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake zisafishwe na zipakwe grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha raba, na kalipa iliyokwama hulivuta gari upande mmoja.

La pili ni diski. Usukani ukitetemeka unapokanyaga breki, mara nyingi diski haina tena unene sawa. Mafundi wetu hupenda kuipeleka ikachongwe. Hilo si kosa, ila kila diski ina unene wa chini kabisa usioruhusiwa kupunguzwa, na kwa kawaida namba yake imepigwa kwenye diski yenyewe. Diski ikishafika hapo, kuichonga tena ni kununua ufa.

La tatu, ambalo husahaulika kuliko yote, ni mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa polepole, hata kama gari halitembei. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho chaweza kushuka hadi 140 hivi. Mlimani joto hilo hufikiwa. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na mguu wako unazama hadi sakafuni bila gari kusimama. Kwa hiyo yabadilishwe yote, si kuongezwa tu, angalau kila baada ya miaka 2, na fundi atoe upepo kwenye kila gurudumu. Tena ukiona kichupa chake kimepungua, usikimbilie kujaza. Ama pedi zimekwisha, ama kuna mahali panavuja.

Mwenye gari anaweza pia kufanya jaribio dogo kila asubuhi bila kumlipa mtu. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara nne au tano, kisha shikilia mguu hapo hapo na uwashe. Pedali ikishuka kidogo, bosta ni nzima. Ikiendelea kuzama polepole, kuna mvujo au masta silinda imechoka. Ikiwa laini kama sifongo, kuna hewa ndani. Kwa dalili yoyote kati ya hizo mbili za mwisho, gari lisiondoke nyumbani isipokuwa kwa kuvutwa kwenda gereji.

Na breki zikipata moto njiani mpaka ukasikia harufu, tafuta mahali pa tambarare, simama, weka kigingi, usubiri zipoe zenyewe. Usimwagie maji. Chuma cha moto kikipigwa na maji baridi chaweza kupasuka, na ufa hauonekani mpaka siku ya msiba.

Neno langu kwa ndugu zangu wafanyabiashara wa Kobero na Mugina. Ninyi ndio mlioibeba nchi hii kwa spea, hasa tangu fedha za kigeni zilipokuwa adimu, na tunawashukuru. Lakini kuna bidhaa za kufanyia majaribio na kuna zisizostahili. Khanga ikichuja rangi, mnunuzi atanung'unika na maisha yataendelea. Pedi bandia ikibanduka kwenye bamba lake, hakuna wa kurudi kudai pesa. Msiuze mafuta ya breki yaliyomiminwa kwenye chupa za soda. Chupa ifike kwa mnunuzi ikiwa na kizibo ambacho hakijafunguliwa. Pedi iliyotumika isirudishwe sokoni kwa jina la "orijino ya Japani." Mfanyabiashara anayekataa kuuza takataka hiyo atapoteza mteja mmoja leo, lakini keshokutwa dereva aliyefika salama atamrudia pamoja na wenzake.

Kwa mafundi, ninaomba jambo moja: acheni kupuliza vumbi la breki kwa kompresa mbele ya vijana wanaojifunza kazi. Baadhi ya breki za zamani zina asbesto, na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Futeni kwa kitambaa kilicholowa.

Wakaguzi wa magari nao wana sehemu yao. Karatasi ya ukaguzi isiyotokana na kuvuliwa hata gurudumu moja haimsaidii abiria. Afadhali magari kumi yakaguliwe kwa dhati kuliko mia yagongewe mhuri.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu huyu anazungumzia anasa, kwani maisha ni magumu na mshahara hautoshi hata mchele. Najua bei za sokoni kama wanavyozijua wao. Lakini ugumu wa maisha ndio hasa unaonifanya niseme. Tajiri akiharibu gari atanunua jingine. Sisi tuliorudi na mabegi tu, gari hilo moja ndilo shamba, duka na gari la wagonjwa la ukoo mzima. Kama fedha haitoshi, rangi isubiri, redio isubiri, viti vyenye matundu vifunikwe kitenge. Breki zitengenezwe kwanza, na mzigo upungue mpaka zitakapotengenezwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye breki, asiyeziba ufa huenda asiwepo siku ya kujenga.