KUTEKA MAJI KWA PAKACHA
Nani atalipia tope la Bwawa la Nairobi?

Bwawa la Nairobi lilifunguliwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya mji. Wakati huo mashua za tanga zilishindana juu yake. Baadaye tope lililijaza, gugumaji likalifunika, na palipokuwa na kina watu wakalima mboga. Tangu hapo hakujakosekana kiongozi wa kusimama ukingoni na kuapa kwamba tope litafukuliwa na maji yatarudi.

Hatupingi kufukua. Tunapinga fedha za umma kutupwa topeni bila mpango na bila hesabu.

Tope hilo limetoka wapi? Mto Motoine huliingiza bwawani pamoja na taka za mitaa unamopitia. Kando ya bwawa ipo Kibera, ambako kwa miongo mingi wakuu wa jiji waliwahesabu watu wakati wa kura na kuwasahau wakati wa kuchimba mitaro ya maji taka. Asiye na choo wala mahali pa kutupa taka afanye nini? Tope lile ni deni la miaka mingi ya kunyimwa haki. Ukilifukua leo, ukaacha chanzo chake wazi, mvua za masika zitalirudisha. Huko ndiko kuteka maji kwa pakacha.

Mpango wa haki una utaratibu wake. Kwanza, kina cha bwawa kipimwe kila upande, na tope lenyewe lichunguzwe katika maabara, maana lililolowa maji taka na kemikali si mbolea ya kumwagwa popote. Likirundikwa ukingoni litaporomoka tena majini. Likipelekwa katika mtaa mwingine wa maskini, tutakuwa tumehamisha maradhi tu. Pili, vijengwe vyoo, mabomba ya maji taka na mitego ya mchanga kwenye mkondo wa juu. Tatu, ndipo mashine ziingie, wakati wa kiangazi. Nne, itengwe fedha ya matunzo ya kila mwaka. Hili la nne ndilo husahaulika, kwa kuwa hakuna mheshimiwa anayealikwa kukata utepe wa matunzo.

Na kandarasi je? Mkandarasi akilipwa kwa idadi ya malori, malori yatahesabiwa mara mbili, na yaliyobeba hewa yatahesabiwa pia. Alipwe kwa kina kilichopimwa kabla na baada ya kazi, wakazi wakishuhudia. Kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 kinaamuru uwazi, uwajibikaji na ushirikishwaji wa umma katika fedha za umma. Kuwaita watu ukumbini asubuhi moja, wakanywa soda na kutia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, si kuwashirikisha.

Kuna hatari nyingine isiyotajwa majukwaani. Bwawa likisafika, ardhi ya ukingoni itapanda bei. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa wakubwa na marafiki zao. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, waliobomolewa nyumba kando ya mito huko Mukuru na Mathare walikuwa watu wa mabati. Je, Kibera nayo ivunjwe kwa jina la mazingira, ili mwenye hati ya ajabu ajenge mahali pa kutazamia maji? Mipaka ya bwawa itangazwe kabla ya shilingi ya kwanza kutumika, na imfunge tajiri kama inavyomfunga maskini.

Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa sitini katika Bustani ya Uhuru. Alitukanwa hadi Bungeni, na bustani ikabaki. Yeye hakuwa na Katiba tuliyo nayo sisi. Kifungu cha 42 kinatupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani kuitetea, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu.

Basi kila kanisa na kila chama cha wakazi, kuanzia Lang'ata hadi Kibera, kiandike barua. Kiulize mambo manne: kina kimepimwa na nani, tope litapelekwa wapi, mabomba yatajengwa lini, na fedha za matunzo zimeandikwa wapi katika bajeti. Nakala ihifadhiwe, na tarehe ya kupokewa ipigwe muhuri. Siku ya 22 ikifika bila jibu, barua hiyo itakuwa ushahidi.