Kabla hujanunua monita ya kuediti, niulize mimi niliyeungua

Najua nimepotea, wengine mmeanza kuuliza kama nimeacha chuo. Sijaacha. Kwanza mitihani ilinibana, halafu nikapata kesi. Hiyo kesi ndiyo nataka kuwasimulia leo, maana imenibadilisha kabisa mawazo kuhusu kitu ambacho sisi tunaopiga picha za sendofu na kipaimara ili tupate hela ya kula tunakichukulia poa sana: kioo unachoeditia.

Ilikuwa mwezi wa sita, si mnaijua baridi ya Songea ya mwezi wa sita. Nilipiga sendofu moja Bombambili, nikakaa usiku kucha na laptopu na blanketi mabegani, naediti picha arobaini za albamu. Kwenye kioo changu binti alikuwa anang'aa kweli kweli, mpaka nikajipongeza. Asubuhi nikapeleka flashi studio moja mjini, jioni nikachukua albamu na kuipeleka kwa wenyewe bila hata kuifungua. Ndiyo, bila kuifungua. Nicheke tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, akainua macho. "Hebu niambie baba, huyu ni mwanangu au mmemchanganya na mtu mwingine?"

Jamani. Uso wa binti ulikuwa mweusi kama mkaa upande mmoja, upande wa pili mwekundu kama kachomwa jua. Elfu sitini yangu iliyobaki ikagoma kutoka. Nikarudi studio nimefura, nimepanga maneno yote ya kumwambia fundi. Yule kaka hakubishana na mimi, alifungua tu faili langu kwenye monita yake. Picha ikaonekana vile vile ilivyotoka kwenye karatasi. Kumbe mashine yao haikuwa na kosa lolote. Aliyekuwa anadanganywa ni mimi, na anayenidanganya ninalala naye geto moja.

Laptopu yangu ina kioo cha aina ya TN, kama zilivyo laptopu nyingi za bei ya chini tunazonunua. Jaribuni nyumbani: fungua picha ya mtu mwenye ngozi kama yetu, halafu sogeza mfuniko wa laptopu mbele na nyuma taratibu. Kama uso unageuka kutoka mweusi kuwa wa kijivu na kurudi, basi huna kioo, una kinyonga. Na mimi juu ya hapo nilikuwa nimeweka mwangaza mpaka mwisho, kwa hiyo kila picha niliiona inawaka nikaipunguza. Karatasi haina taa nyuma yake. Ikatoka giza.

Kinachoniuma ni kwamba makosa ya namna hii huanzia kwenye ngozi yetu. Anga likizidi ubluu kidogo hakuna atakayelalamika, lakini uso wa mtoto wa mtu mama yake anaujua. Hata wakubwa walikosea hapo. Kodak kwa miaka mingi, kuanzia 1950 na kitu, waligawa kwa maabara za kusafisha picha kadi ya kulinganishia rangi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, ikaitwa kadi ya Shirley. Ukiweka mashine ikampendeza Shirley, dada wa Kingoni anatoka macho na meno tu. Siku hizi Shirley hayupo, ila ukiediti kwenye kioo kibovu unamrudisha mwenyewe kwa mikono yako.

Sasa tuje kwenye ishu yenyewe, nunua nini kama huna hela. Na hapa nitagombana na watu.

Mshikaji wangu mmoja, tunapanga nyumba moja, alinunua TV ya inchi 32 kwa laki tatu akaifunga kwenye kompyuta. Kila mtu akaja kushangaa. Ni kubwa, rangi zinaruka, mpira unanoga. Lakini TV nyingi za bei hiyo za inchi 32 zina pikseli 1366 kwa 768 tu. Yaani unakaa karibu na kioo kikubwa chenye pikseli chache kuliko simu yako! Halafu TV imetengenezwa ikupendezeshe: inakoleza rangi, inachonga kingo za vitu, wakati mwingine inakata pembeni ya picha. Kwa kuediti hivyo vyote ni uongo. Ameninunia, lakini msimamo wangu ni huo huo: TV tutazamie mpira.

Kingine msichohitaji ni zile monita za wacheza gemu, zilizopinda kama ungo, mauzo yake yote ni 165Hz. Video ya harusi inakwenda fremu 25 au 30 kwa sekunde, hiyo mbio unaipeleka wapi? Nyingi kati ya zilizopinda ni za aina ya VA, ambayo ina weusi mzuri sana wa filamu lakini inaweza kumeza vivuli, na ukumbini kwenye mwanga hafifu nyuso zetu ziko humo humo kwenye vivuli. Na 4K pia iache kwanza. Unaweza kuediti video ya 4K kwenye monita ya kawaida bila shida, programu inaipunguza tu unapotazama. Hiyo hela weka kwenye RAM.

Unachotaka ni kioo cha IPS, kinachokaa na rangi yake hata ukikitazama kwa pembeni, na kinachofikia rangi zote za sRGB au karibu. sRGB ni kipimo walichokileta HP na Microsoft mwaka 1996, na rangi zake za msingi ni zile zile za video ya HD, kwa hiyo monita moja inakutosha kwa picha na video. Kwenye boksi ukikuta 72% NTSC, hapo ni kama sRGB nzima. Ukikuta 45% NTSC, mrudishie muuzaji na umwambie asante. Ukubwa inchi 24 na pikseli 1920 kwa 1080 kunatosha. Ukipanda inchi 27 na pikseli hizo hizo utaanza kuzihesabu.

Na maoni yangu ambayo wengi hawatayapenda: nunua ya mtumba. Monita mpya ya bei ya chini ilitengenezwa ili iuzwe rahisi. Ya mtumba ya ofisini ilitengenezwa iwe nzuri, ikazeeka bei. Mimi nimepata Dell U2412M Kariakoo kwa laki moja na tisini, binamu yangu ndiye aliyeikagua. Ilitoka 2011, haitengenezwi tena, ni IPS, ina pikseli 1920 kwa 1200, na hicho kipande cha chini kilichozidi unapanga klipu zako kwa raha. Shida yake haina HDMI. Muuzaji atakupa waya wa VGA, kataa, tafuta waya wa HDMI kwenda DVI, si ghali. Hutaki usumbufu huo? Tafuta Dell P2419H ya 2018, ni IPS na HDMI inayo.

Unayemtuma mpe flashi yenye vitu vinne: ukurasa mweupe mtupu (aone kama kona zimekuwa za njano), mweusi mtupu (aangalie mwanga unaovuja na pikseli zilizoganda zikiwaka), msitari wa kijivu unaotoka giza kwenda mwanga bila kukatika ngazi ngazi, na picha ya uso wa mtu anayemjua. Kwenye basi isafiri imesimama, kioo kimeegemea blanketi. Karibu kilomita 950 kutoka Dar, kupitia Makambako na Njombe, si mchezo. Na nunua soketi ya kulinda umeme. Tangu tuunganishwe na gridi ya Taifa 2018 si kama enzi za majenereta, lakini monita haina betri, ukikatika unabaki na giza na kazi ambayo hujasevu.

Ikifika usianze kazi siku hiyo hiyo. Punguza mwangaza mpaka karatasi nyeupe ukiishika kando ya kioo iwe sawa na ukurasa mweupe wa ndani (yangu imetulia chini ya nusu). Pita kwenye kile kifaa cha bure cha Windows cha kurekebisha rangi. Kisha printi picha moja tu pale unapoprintia siku zote, iweke kando ya kioo ulinganishe. Na angalia ukuta! Geto langu limepakwa kijani cha kukoza, taa ikiwaka nyuso zote zinaugua. Nimetundika shuka la kijivu nyuma ya kiti, mwenye nyumba akauliza kama nina msiba.

Mtaniambia wateja siku hizi wanatazama kwenye simu tu, wasapu. Kweli, na kila simu ina rangi zake, nyingine zinakoleza mpaka basi. Ndiyo maana wewe ukae katikati, ili isipotee sana kokote inakokwenda. Na albamu bado inawekwa mezani sebuleni, inafunguliwa na kila mgeni.

Nimeediti upya zile arobaini, nimeprinti kwa hela yangu. Mama alifungua ukurasa wa kwanza, akanyamaza, akamwita binti kutoka jikoni aje aone. Kisha akanihesabia hamsini. Elfu kumi kasema ni ya usumbufu, sikubisha.

Kuna kifaa cha kupimia rangi za kioo, unakibandika kwenye monita kinasoma chenyewe. Mmoja wetu peke yake hakiwezi, ila tukiwa watano sita tunakinunua na kupokezana. Waliopo Songea wenye nia tuonane Jumamosi sokoni Lizaboni, pale kwa mama wa chai. Aje na hela, siyo ushauri.