Nafasi ya Suzi Apewe Msichana

 

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme juu ya jambo lililozungumzwa sana muhula huu, madarasani, mabwenini na hata majumbani kwetu: kwamba msichana wa shule asipande jukwaani kuigiza, kwa sababu kazi hiyo ni ya kihuni na itamharibu. Mimi nasema jambo hilo si kweli, tena linatutia hasara sote, wavulana kwa wasichana.

Wengi wenu mlikuwapo bwaloni tulipocheza sehemu za Kilio Chetu. Ambao hawakuwapo wajue kwamba katika mchezo huo yumo binti aitwaye Suzi, anayepata mimba angali mwanafunzi, na kijana Joti anayekufa kwa ukimwi. Si mchezo wa kuchekesha. Sisi wasichana watatu tulikuwa tumekwisha kujifunza maneno yetu, lakini siku chache kabla ya onyesho tukakatazwa na wazee wetu, na nafasi ya Suzi akapewa mvulana wa kidato cha pili. Akajifunga kanga, akatia sweta tumboni, akasema kwa sauti nyembamba. Simlaumu, alijitahidi. Lakini kila alipofungua kinywa bwalo zima liliangua kicheko, na palipotakiwa watu wanyamaze wakafikiri ndipo walipocheka zaidi, wazazi pamoja. Mimba za wanafunzi, ambazo hakuna kijiji katika Mbulu na Hanang kisichozijua, zikawa mzaha. Sweta lilipoanguka, basi, mchezo ukawa umekwisha, ingawa zilibaki kurasa nyingi.

Sasa nataka kuwaeleza habari za Bibi Amandina Lihamba, kwani wanaosema kwamba mwanamke mwigizaji ni mtu aliyepotea yafaa kwanza wamjue yeye. Bibi huyu ni mwigizaji, ni mwandishi na mwongozaji wa michezo, na tena ni profesa. Alifundisha miaka mingi sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na shahada yake ya udaktari aliipata katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 1985, kwa utafiti juu ya siasa na michezo ya kuigiza Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Mtu aliyepotea hafiki huko. Mwaka 1980 ulitoka mchezo wake Hawala ya Fedha, alioutoa katika hadithi ya Sembene Ousmane wa Senegal. Kisha ukaja Harakati za Ukombozi, alioutunga pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya: wanawake watatu, kitabu kimoja. Siku zile huku Bara hatukuwa na televisheni, kwani ilianza mwaka 1994. Aliyetaka kuona mchezo alikwenda mwenyewe ukumbini, ama sivyo mchezo umfuate kijijini.

Nao ulifuata watu vijijini. Katika miaka ya 1982 na 1983 Bibi Lihamba na Bibi Muhando, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Penina Mlama, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu, walifanya kazi Malya, katika Mkoa wa Mwanza, mahali pa wakulima na wafugaji kama huku kwetu. Hawakwenda na mchezo mkononi. Waliwauliza wenyeji shida zao ni nini, na katika mazungumzo likajitokeza jambo la wasichana kupata mimba. Wenyeji wenyewe ndio waliolitungia michezo na ngoma, wakacheza mbele ya wenzao, kisha wakakaa kujadiliana. Hebu fikirini: zaidi ya miaka 40 iliyopita wanakijiji wa Malya waliweza kulisema jambo ambalo sisi, wenye bwalo na taa za umeme, tumelicheka.

Mwaka 1996 mabibi hao wawili wakaanzisha mpango wa Tuseme katika shule za sekondari. Kazi yake ni hii: wasichana wanakaa, wanataja mambo yanayowazuia kusoma, wanatafuta sababu zake, wanatunga mchezo na kuucheza mbele ya walimu na wenzao, na mchezo ukiisha watu hawaondoki, bali wanajadiliana la kufanya. Baadaye FAWE, jumuiya ya wanawake wa Afrika wanaoshughulikia elimu, iliuchukua mpango huo ikaupeleka katika nchi nyingine za Afrika. Yaani nchi za mbali zinatumia dawa iliyochemshwa kwetu, na sisi wenyewe twatia sweta tumboni.

Na jambo moja hunifurahisha. Katika filamu ya Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambayo mwaka 2001 ilikuwa filamu ya kwanza kupelekwa na Tanzania kushindania tuzo za Oscar, Bibi Lihamba alicheza nafasi ya Samehe, mwanamke aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili na aliyenyamaza miaka mingi. Yule aliyewafundisha wasichana kusema alituonyesha kunyamaza. Kunyamaza si kazi rahisi kuiigiza. Mvulana wetu wa kanga asingeiweza. Sijui kama mimi ningeiweza, lakini ningependa kujaribu.

Baba mmoja aliniambia kwa upole, "Mwanangu, si desturi yetu mwanamke asimame mbele ya wanaume aseme." Nilimsikiliza kwa adabu. Lakini kwetu ni Hanang, tumekaa na Wabarbaig, na Wabarbaig wana baraza la wanawake. Mwanamume akimkosea mwanamke, mama hao hukusanyika, humhukumu na kumtoza ng'ombe dume, na wanaume hawathubutu kulidharau baraza hilo. Je, huko si kusema? Na sisi Wairaqw, jioni ya baridi, nani akaaye karibu na moto akageuza sauti yake, mara fisi, mara sungura, mara mama mkwe? Ni bibi yangu. Huyo ndiye mwigizaji wa kwanza niliyemwona.

Wala kuwazuia wanawake si desturi ya Afrika peke yake. Mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, unaye Portia, mwanamke mwerevu kuliko wanaume wote waliomo. Katika siku za Shakespeare, Portia alichezwa na mvulana. Wanawake walianza kupanda majukwaa ya London mwaka 1660, wakatukanwa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika katika gazeti la shule. Siku hizi waigizaji wao wa kike hupewa nishani za taifa.

Sikatai kwamba wazazi wana hofu yenye sababu. Mazoezi yakifanywa usiku, na msichana wa kutwa akarudi peke yake gizani, mzazi yeyote mwenye akili atakataa. Tena zipo filamu ambazo msichana hana kazi ndani yake ila kuvaa nguo fupi na kulia. Lakini hayo yanatengenezeka.

Kwa hiyo naomba mazoezi ya muhula ujao yafanywe Jumamosi baada ya chakula cha mchana, yaishe kabla ya saa kumi na moja, na mwalimu wa kike awepo. Naomba tutunge mchezo wenyewe, wavulana wacheze baba zetu na kaka zetu, sisi tucheze nafasi zetu. Na wazazi wasialikwe siku ya onyesho tu. Waje hata mazoezini, wakae nyuma wasikilize maneno yetu kabla hayajasemwa mbele ya watu. Yule baba wa desturi nimekwisha kumwomba. Amesema atafikiri, kisha akauliza kama kutakuwa na chai.

Msichana wa Kidato cha Nne