Mnyororo wa Baiskeli na Mchanga wa Ziwani

Askari hafundishwi kungoja bunduki yake ikwame ndipo aisafishe. Walakini askari huyo huyo, arudipo nyumbani jioni, huiegemeza baiskeli ukutani ikiwa na mnyororo uliojaa mchanga, na alfajiri mkewe huipakia gunia la mahindi kwenda kusagisha. Mnyororo ukikatika njiani, lawama humwangukia fundi aliyeutia. Juma hili tuzungumze juu ya mnyororo huo, au cheni kama mafundi wengi waitavyo.

Mfano nautoa Nchelenge, mji wa Zambia ulio ukingoni mwa Ziwa Mweru, mkabala na Kongo, kwa kuwa sijaona mahali ambapo mnyororo hupata taabu zaidi. Baiskeli husukumwa hadi ufukoni kupokea samaki kutoka mitumbwini. Chisense, ambao ni dagaa wa ziwa hilo, huanikwa juani juu ya mchanga, hutiwa magunia, na magunia hupandishwa kwenye karia. Samaki wabichi nao hudondosha maji juu ya gia ya nyuma, na tairi ya mbele hurusha mchanga juu ya mnyororo. Tangu Novemba mpaka Aprili huongezeka matope ya mvua.

Karibu na Kashikishi nilimkuta mchuuzi mmoja ameketi kando ya barabara, jua la saa sita likiwa utosini, mnyororo umekatika na kapu la samaki wabichi limeanza kunuka. Nilimpa pole, nikamwuliza kama hapakuwa na dalili yoyote. Akanijibu, "Ndugu yangu, ulikuwa ukilia tangu juma lililopita. Nikautia mafuta, ukanyamaza." Samaki wale aliwauza jioni kwa bei ya kutupa.

Katika jibu lile ndimo lilimo kosa la wengi wetu. Mnyororo una pingili, na kila pingili ina pini inayozunguka ndani ya kijibomba kidogo. Humo ndimo mafuta yanamotakiwa. Anayemimina mafuta juu ya mchanga huuingiza mchanga humo humo, na mafuta yenye mchanga ni msasa. Kelele hunyamaza, lakini pini huendelea kulika kwa siri. Watu husema mnyororo "umevutika". Hakika chuma hakikuvutika, ila kila pini imelika kidogo, na upungufu wa pini zote mia na kitu ukijumlishwa, mnyororo huwa mrefu.

Kwa hiyo safisha kwanza. Piga mswaki mkuukuu mkavu, kisha futa kwa tambara lililoloweshwa mafuta ya taa, nje ya nyumba na mbali na jiko, bila kuyamwagia kwenye gia ya nyuma, maana yataosha grisi iliyo ndani. Mnyororo ukikauka, tia tone moja la mafuta kwenye kila pingili huku ukizungusha pedali kinyumenyume au, ikiwa breki ni ya kukanyaga, ukiinua gurudumu la nyuma na kuzungusha mbele. Ngoja kidogo, halafu pangusa nje mpaka tambara litoke karibu safi. Mafuta ya cherehani yanafaa, ingawa huisha upesi. Oili mpya ya injini hudumu zaidi. Oili chafu iliyomwagwa gereji ina masizi na vumbi la chuma, basi iache. Na mawese, ambayo Luapula hayana shida kupatikana, huganda na kushika vumbi, yabaki jikoni.

Kazi hii ni ya robo saa kila juma, na wakati wa mvua kila baada ya safari ya matope. Wako wanaosema kuwa ni kazi ya baba. Sioni sababu: anayeweza kutia mafuta cherehani anaweza kutia mafuta mnyororo.

Dalili nazo zitambuliwe. Mlio mkavu wa mfululizo ni ukosefu wa mafuta. Mnyororo unaoruka kidogo mahali pale pale kila unapozunguka una pingili iliyokakamaa. Itafute kwa vidole, itie mafuta, uikunje huku na huku mpaka ilegee. Unaochomoka mara kwa mara umelegea mno. Bonyeza katikati ya gia mbili: ucheze kiasi cha nusu inchi, na upimie mahali unapokaza zaidi. Ukizidi, legeza nati za gurudumu la nyuma, livute nyuma, hakikisha limekaa katikati, kisha kaza. Wenye baiskeli za breki ya kukanyaga, kama zile za Buffalo zilizoenea Zambia, wasilifanyie mzaha jambo hili. Kwao mnyororo ukichomoka kwenye mteremko, breki ya nyuma imekwenda nao.

Kuhusu kulika, usiamini macho. Chukua futi ya chuma. Pingili moja hupimwa nusu inchi toka pini hadi pini, basi pingili 24 za mnyororo mpya ni inchi 12 kamili. Zikifika inchi 12 na sehemu moja ya nane, yaani zimezidi kiasi cha milimita 3, nunua mnyororo mwingine. Ukichelewa, meno ya gia hujipinda kama ndoana, na hapo mnyororo mpya utarukaruka juu yake mpaka ubadilishe na gia pia. Gharama ya kitu kimoja imekuwa ya vitu vitatu.

Mwisho, tazama kibanio cha kiungo cha kufungulia. Umbo lake ni kama samaki: upande mmoja kichwa kilichofunga, upande wa pili mkia uliopasuka. Kwenye mnyororo wa juu, kichwa kielekee mbele ya baiskeli. Kikiwekwa kinyume, kijiti au jiwe laweza kukichomoa. Kiungo cha akiba pamoja na kibanio chake ni vitu vidogo mno. Vifunge katika kitambaa chenye mafuta, uvifungie chini ya tandiko, na koleo ndogo kando yake.