Sehemu ya 4: Msalaba siyo kukaa kimya

Akina mama wenzangu wa Manyovu, Kasulu na Kibondo, Kwaresima hii nimechoka kusikia maneno haya: "Vumilia, Yesu naye aliteseka."

Mama ana mimba ya miezi minane, kichwa kinamgonga, macho yanaona maruweruwe, uso umevimba. Anaambiwa avumilie. Huo siyo msalaba jamani! Hizo ni dalili za hatari, kifafa cha mimba kiko mlangoni. Kutokwa damu, au mtoto kuacha kucheza tumboni, ni vilevile: nenda kituoni leo, siyo kesho.

Wengine wanafunga na mimba, wengine huku wananyonyesha. Kwa Wakatoliki, sheria ya kufunga inawahusu wenye miaka 18 hadi 59, tena wenye afya. Mjamzito na anayenyonyesha hawalazimiki. Kula ugali wako na maharage, meza vidonge vya kuongeza damu, usione haya.

Halafu mnasahau: Yesu mwenyewe alisaidiwa kuubeba msalaba. Simoni wa Kirene hakujitolea, alishikwa njiani akitoka shamba. Sasa nyie akina baba mnaotoka shamba mikono mitupu, wake zenu nyuma na kuni kichwani, mtoto mgongoni, mwingine tumboni, mnasubiri mshikwe na nani?

Kumbukeni sadaka ya Bwana kwa kupokea huo mzigo. Pesa ya bodaboda ya kwenda kujifungua iwekwe kando kuanzia sasa. Yeye alishatoa uhai wake. Hajaomba wa mke wako.