Mtoto Si Kisanduku cha Tiki

Leo sitaandika kuhusu Linux wala simu mpya. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na watu wa kazi yangu: sisi tunaoandika programu za shule.

Hapa Kericho na Bomet shule nyingi siku hizi zina mfumo fulani wa kompyuta. Nyingine zimenunua programu kamili, nyingine zina faili la Excel lililotengenezwa na mpwa wa mwalimu mkuu. Nimeitwa mara kadhaa kurekebisha mifumo hiyo. Karibu kila mara, kati ya safu ya "Dini" na safu ya "Karo iliyobaki", nakuta safu inayosema "Ulemavu". Majibu ni mawili tu: Ndiyo au Hapana. Katika shule moja ambayo sitaitaja, safu hiyo iliitwa "Kasoro", na jina la kila mtoto mwenye Ndiyo lilijipaka rangi nyekundu, rangi ileile ya wadaiwa wa karo.

Nasema wazi: safu hiyo ni mbovu mara mbili. Inamvunjia mtoto heshima, na haifanyi kazi. Makosa yote mawili yana mzizi mmoja.

Tuanze na kufanya kazi, maana hiyo ndiyo lugha yetu. Mwalimu akifungua rekodi akasoma "Ndiyo", afanye nini? Amhamishie mtoto dawati la mbele? Aandike ubaoni kwa herufi kubwa? Atafute mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya? "Ndiyo" haimwambii lolote isipokuwa kwamba huyu si kama wenzake. Data isiyomsaidia mtu kuamua jambo, ila inamtia mtoto alama, si data. Ni unyanyapaa uliowekewa nakala rudufu.

Sasa linganisha na majani chai. Mkulima mdogo akipeleka majani kituoni, karani wa kiwanda cha KTDA anapima kwa mizani ya kielektroniki, namba ya mkulima inaingia, kilo zinaingia, risiti inatoka. Jaribu kumwandikia mkulima wa Litein risiti inayosema "Majani: Ndiyo" uone kama utaondoka kituoni salama! Kupima tunajua sana. Tunachagua tu nini kinastahili kupimwa.

Mtaniuliza: basi tuulize vipi? Jamani, swali hilo lilishajibiwa. Mwaka 2001, chini ya Umoja wa Mataifa, liliundwa kundi la wataalamu wa takwimu linaloitwa Washington Group. Maswali yao mafupi ni sita: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kuwa makini, kujihudumia, na kuwasiliana. Neno "ulemavu" halimo kabisa katika maswali yenyewe. Unaulizwa kama unapata ugumu, na majibu ni manne: hapana ugumu, ugumu kiasi, ugumu mwingi, siwezi kabisa. Mwaka 2016 kundi hilo pamoja na UNICEF walitoa maswali ya watoto peke yao, yanayogusa pia kujifunza, kupata marafiki na wasiwasi. Mzazi ambaye hatasema kamwe "mwanangu ni mlemavu" atakujibu bila kusita kwamba mwanawe, hata akivaa miwani, anapata ugumu kuona.

Lakini maswali mazuri hayatoshi kama jibu utaliharibu wakati wa kulihifadhi. Tazama sensa zetu. Ya 2009 ilihesabu watu wenye ulemavu takriban milioni 1.3, yaani asilimia 3.5. Ya 2019, iliyotumia maswali ya aina hii kwa wenye umri wa miaka 5 na zaidi, ilitoa takriban 918,000, asilimia 2.2. Je, Wakenya 400,000 walipona kwa miaka kumi? La hasha. Maswali yalibadilika, watoto wadogo hawakuingizwa, na waliohesabiwa ni wale tu waliojibu "ugumu mwingi" au "siwezi kabisa". Aliyejibu "ugumu kiasi" aliulizwa, akajibu, na bado hayumo katika jumla.

Kwa sensa mstari huo una sababu zake, kwani nchi zinataka kulinganishwa. Kwa darasa hauna sababu yoyote. Mtoto mwenye ugumu kiasi wa kusikia ndiye hasa anayepotea shuleni. Mvua ya Kericho ya alasiri ikianza kupiga mabati, hata mwenye masikio mazima husikia nusu. Huyu amekosa somo zima, na kesho ataitwa mzembe. Si kila mtoto atapelekwa shule maalum kama ile ya viziwi ya Kedowa, wala si kila mtoto anaihitaji. Wengi wako katika shule ya kawaida ya kijijini, dawati la nyuma, na katika mfumo wako wameandikiwa "Hapana".

Tena tuongeze swali letu wenyewe. Maswali ya watoto huuliza kama mtoto anaweza kutembea mita 100, halafu mita 500, kwenye ardhi tambarare. Tambarare! Wenzangu wa Bomet mnacheka. Huku mtoto anashuka bonde na kupanda lingine katikati ya mashamba ya chai, kwenye udongo mwekundu unaoteleza. Anayetembea vizuri uwanjani anaweza kushindwa kabisa na njia hiyo mwezi wa Aprili. Basi uliza: njia ya kuja shuleni ikoje mvua ikinyesha? Ukiuliza hivyo utagundua kwamba nusu ya tatizo iko barabarani, na barabara hurekebishwa.

Najua pingamizi la kwanza: "Fomu ya juu inataka Ndiyo au Hapana." Sawa. Kutoka majibu sita hadi Ndiyo au Hapana ni mstari mmoja wa msimbo. Kutoka Ndiyo hadi majibu sita hakuna mstari wowote duniani. Hifadhi jibu kama lilivyotolewa, ufupisho uutoe siku ya ripoti. Hili tunalijua kwa hesabu za fedha; kwa nini tunalisahau kwa watoto?

La pili: "Ukiuliza mengi unaanika siri za watu." Kweli, ndiyo maana kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayoziweka taarifa za afya katika kundi la data nyeti. Karani wa karo hana haja ya kuona majibu hayo. Mwalimu wa darasa anahitaji. Mpe kila mtu ruhusa yake, na hiyo rangi nyekundu iondoke leo.

La tatu: "Sisi si madaktari." Hamjaombwa kuwa madaktari. Fomu haichukui nafasi ya vituo vya EARC, ambavyo tangu 1984 ndivyo vinavyopima watoto na kushauri wazazi. Fomu inamwambia mwalimu ni nani wa kumwelekeza huko, na wakati akisubiri, amsaidie vipi kesho asubuhi.

Na majina je? Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. "Kasoro" haipiti hapo. Wengine hulaumu kiambishi ki- cha kipofu, kiziwi na kilema, eti kinamfanya mtu kitu. Lakini kiongozi naye ana ki-, na Chama cha Viziwi Tanzania kimejiita hivyo chenyewe. Dawa si kubuni maneno matamu mezani kwetu, dawa ni kumuuliza mwenyewe anataka aitweje, kisha kuandika hivyo. Ni nafasi moja tu ya maandishi kwenye fomu.

Mwisho, programu yako yenyewe inafunguka kwa mwalimu au mzazi asiyeona? NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, husoma hata Kiswahili kwa sauti ya eSpeak. Kitufe ulichokipa picha bila jina kitasomwa "kitufe", basi. Kukipa jina ni kazi ya sekunde kumi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Likizo hii, fungua mfumo ulioutengeneza. Futa safu ya Ndiyo na Hapana. Weka maswali sita, majibu manne, nafasi ya "Anahitaji nini", tarehe, na jina la mwalimu anayehusika. Maswali yapo bure kwenye tovuti ya Washington Group. Ukikwama niandikie, tutakaa tuandike pamoja. Lakini usiniambie muda hakuna. Kwa safu ya karo muda ulipatikana.